Tovuti kama Chanzo cha Data katika Utafiti wa Fasihi ya Kiswahili: Vigezo vya Kutathmini Kuaminika Kwake

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mtafiti wa fasihi ya Kiswahili anavyoweza kutathmini kuaminika kwa tovuti kabla ya kuzitumia katika tasnifu, makala au mhadhara. Yanaanza kwa kubainisha sababu zinazoufanya utafiti wa Kiswahili uwe katika hatari ya pekee mtandaoni. Kisha yanajadili vigezo vitano vya tathmini na kuvitumia kuchanganua mifano mitatu: asili ya lugha ya Kiswahili, tarehe za tendi kongwe, na utambulisho wa waandishi wa Zanzibar. Hoja kuu ni kwamba mtafiti anapaswa kulipima kila dai kwa mnyororo wa wapokezi wake, kama wanazuoni wa kale walivyozipima riwaya kwa isnadi, badala ya kuridhika na sura au sifa ya tovuti. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa wanafunzi, wahadhiri na vyama vya Kiswahili vyuoni.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Kila ukurasa unaofunguka mbele ya msomaji kwenye tarakilishi au simu ya mkononi una fundi wake, na fundi huyo alikuwa na nia, zana na mipaka yake. Fundi hodari huunda chombo cha kuvukia bahari kuu. Mwingine huunda kidau cha kuvulia samaki maji mafu. Vyote viwili vyaelea. Tatizo huzuka pale abiria anapopanda chombo asichokijua akidhani kuwa kuelea pekee kunatosha kumfikisha aendako.

Mwanafunzi wa Kiswahili wa leo huanza utafiti wake mtandaoni. Hili si jambo la kulaumiwa. Vitabu ni ghali, nakala za maktaba hazitoshi, na baadhi ya matini za msingi za fasihi yetu zimehifadhiwa mbali na Afrika Mashariki. Maktaba ya SOAS katika Chuo Kikuu cha London, mathalani, ina miswada ya Kiswahili iliyokusanywa na wataalamu kama W. E. Taylor, Alice Werner, William Hichens na Jan Knappert. Katalogi ya miswada hiyo sasa inapatikana mtandaoni. Mwanafunzi aliye Eldoret au Maseno, asiye na nauli ya kumfikisha London, anaweza kujua ni mswada upi uliopo, una beti za utenzi upi na uliandikwa kwa hati gani. Mhadhiri anayempiga marufuku mwanafunzi wake kuutumia mtandao humfungia mlango huu pia.

Hata hivyo, mlango uo huo hupitisha mengine mengi: tahakiki zisizo na jina la mwandishi, miongozo ya vitabu teule iliyonakiliwa kutoka ukurasa hadi ukurasa, tarehe zisizo na ushahidi na, katika miaka ya karibuni, matini zilizotungwa na programu za akili unde. Swali la makala haya, basi, ni hili: mtafiti atajuaje lipi la kushika na lipi la kuacha?

2.0 Upekee wa Tatizo katika Kiswahili

Vitabu vya mbinu za utafiti vimejaa orodha za maswali ya kuuliza kuhusu tovuti. Iliyoenea zaidi ni ile iliyobuniwa mwaka wa 2004 katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Jimbo la California, tawi la Chico, ambayo humtaka msomaji achunguze upya wa habari, umuhimu wake kwa mada, mamlaka ya mwandishi, usahihi na lengo. Orodha hiyo ina manufaa, lakini iliandaliwa kwa ajili ya wanafunzi wanaosoma kwa lugha yenye maandishi mengi mtandaoni. Kiswahili kina hali tofauti kwa sababu nne.

Kwanza, maandishi ya kitaaluma kwa Kiswahili yaliyomo mtandaoni ni machache yakilinganishwa na ya Kiingereza. Kosa moja likichapishwa katika ukurasa mmoja huweza kukaa miaka mingi bila ya kupata wa kulirekebisha, na kila anayelinakili hulipa nguvu mpya. Pili, sehemu kubwa ya fasihi yetu kongwe iliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Kila anayeihawilisha hadi hati ya Kirumi hufanya maamuzi ya kitahajia na ya kilahaja, nayo maamuzi hayo mara nyingi hayatajwi kwenye tovuti. Tatu, fasihi simulizi haina tarehe wala mwandishi mmoja, kwa hivyo vigezo vinavyodai jina na mwaka haviikamati barabara. Nne, kurasa nyingi za Kiswahili ni tafsiri za kurasa za Kiingereza. Kuanzia mwishoni mwa mwaka wa 2009, kampuni ya Google iliendesha shindano lililowahimiza wanafunzi wa vyuo vikuu wa Kenya na Tanzania kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, ambayo ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 2003. Juhudi kama hizi huongeza maandishi katika lugha yetu. Hata hivyo, makala iliyotafsiriwa hurithi makosa ya makala mama, na pengine hujiongezea mengine njiani.

3.0 Vigezo vya Tathmini

3.1 Mwandishi

Swali la kwanza ni nani aliyeandika. Ukurasa wenye jina kamili la mwandishi, chuo au taasisi yake, na kazi zake nyingine humpa msomaji mahali pa kuanzia uchunguzi. Usio na jina humwacha gizani. Lakini tahadhari inahitajika. Mzee wa Lamu asiye na shahada, ambaye amezijua tendi tangu utotoni, anaweza kuwa na ujuzi wa Kiamu unaomshinda profesa wa ng'ambo. Kwa hivyo swali la mwandishi halikomei kwenye vyeti. Linapaswa kuuliza: mtu huyu amejuaje anachokisema? Alikisikia, alikisoma, alikikusanya nyanjani, au alikinakili?

3.2 Mchapishaji na anwani ya tovuti

Anwani ya tovuti hudokeza asili yake. Anwani zinazoishia kwa .ac.ke hutengewa taasisi za elimu ya juu nchini Kenya, na .go.ke hutengewa serikali. Kwa upande mwingine, .org na .com huweza kusajiliwa na mtu yeyote. Wanafunzi wengi hudhani kwamba .org ni dalili ya shirika adilifu; dhana hiyo haina msingi. Vilevile, anwani ya chuo kikuu haithibitishi kila kilichomo. Hazina za kidijitali za vyuo vikuu vyetu, kama vile Nairobi na Kenyatta, zina tasnifu nyingi. Tasnifu hizo zimetahiniwa, na hilo ni jambo la maana, ila ubora wake hutofautiana, na tasnifu ya uzamili haina uzito sawa na kitabu cha mtaalamu aliyeitafiti mada kwa miaka thelathini.

Kuhusu majarida, mtafiti anaweza kuanzia penye sifa inayojulikana. Swahili Forum, lililoanza kuchapishwa mwaka wa 1994, husomwa mtandaoni bila malipo. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambalo lilikuwa chini ya TUKI na sasa liko chini ya TATAKI, ni jukwaa kongwe la taaluma hii. African Journals Online, mradi ulioanza mwaka wa 1998, hukusanya majarida ya bara zima mahali pamoja. Pembeni mwa haya kuna majarida ya kilaghai yanayojiita ya kimataifa, yanayodai ada kwa mwandishi na kuchapisha chochote bila ya kukipitisha kwa wataalamu. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Denver, alikuwa na orodha mashuhuri ya majarida ya aina hiyo hadi alipoiondoa mtandaoni mwezi wa Januari 2017. Leo mtafiti hulazimika kuuliza mwenyewe: bodi ya uhariri ni akina nani? Je, watu hao wapo, na wanakiri kuwa wanachama? Makala yaliyotangulia kuchapishwa yana kiwango gani?

3.3 Tarehe

Tarehe ya ukurasa ina maana mbili: lini uliwekwa mtandaoni, na lini maarifa yaliyomo yalipatikana. Kamusi nyingi za mtandaoni huonekana mpya kwa sura ilhali maingizo yake yamechotwa kutoka kazi za zamani, kama kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka wa 1939. Maana ya neno katika kamusi hiyo ni ushahidi mzuri wa Kiswahili cha wakati ule. Haiwezi kutumiwa kuthibitisha matumizi ya leo bila ya kulinganishwa na Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka wa 1981 na la pili mwaka wa 2004, au na kongoo ya matini halisi kama ile ya Helsinki iliyoasisiwa na Arvi Hurskainen.

3.4 Lengo

Mwamba ngoma huvutia kwake. Tovuti ya mchapishaji husifu vitabu vyake. Ya wakala wa utalii huipamba Lamu ili mgeni aje. Ya chama cha siasa huieleza historia ya lugha ya taifa kwa namna inayokifaa chama. Lengo la kibiashara au la kisiasa halifanyi kila sentensi iwe uwongo. Tovuti ya mchapishaji ndiyo mahali bora pa kuthibitisha mwaka wa toleo na idadi ya kurasa, na ndiyo mahali pabaya pa kutafuta tahakiki ya kitabu kile kile.

3.5 Ukamilifu wa matini

Kigezo hiki ni cha fasihi hasa. Shairi lililowekwa mtandaoni linaweza kuwa limekatwa beti, limesanifishwa kutoka Kimvita hadi Kiswahili sanifu, au limepangwa upya ili liingie kwenye upana wa skrini. Mchanganuzi wa vina, mizani na vipande atakayeitegemea nakala kama hiyo atakuwa anahakiki kazi ya mchapaji. Kabla ya kuchanganua, mtafiti ahesabu beti, azilinganishe na toleo lililochapishwa, na aulize lahaja imehifadhiwa au imebadilishwa.

4.0 Isnadi ya Dai: Mifano Mitatu

Vigezo vilivyotajwa huipima tovuti. Hata hivyo, tovuti nzuri huweza kuwa na dai bovu, na tovuti duni huweza kubeba dai la kweli. Ndiyo maana makala haya yanapendekeza hatua ya ziada. Katika elimu ya hadithi, wanazuoni wa Kiislamu, wakiwemo wa pwani yetu, walizoea kutenganisha matini ya riwaya na isnadi yake, yaani mnyororo wa wapokezi. Waliuliza: nani kapokea kwa nani, na je, wawili hao walikutana? Penye pengo katika mnyororo, riwaya ilishuka daraja. Mbinu hii inaweza kuazimwa na mtafiti wa fasihi.

Chukua mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Muyaka aliaga dunia mwaka wa 1840. Tungo zake zilidumu vinywani na vifuani mwa watu, hadi zilipokusanywa baadaye katika karne hiyo na Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Hichens alizichapisha mwaka wa 1940 katika Diwani ya Muyaka, na M. H. Abdulaziz akazichunguza upya katika kitabu chake cha mwaka wa 1979. Ukurasa wa mtandao unaobeba shairi la Muyaka ni pete ya mwisho ya mnyororo huu mrefu. Mtafiti akijua ukurasa umechota kwa Hichens au kwa Abdulaziz, anaweza kurudi nyuma. Asipojua, ana shairi lisilo na isnadi. Mfano huu pia unatukumbusha kuwa kitabu kilichopigwa chapa nacho ni pete katika mnyororo. Uchapishaji haumwondolei mtafiti wajibu wa kuuliza.

4.1 Asili ya Kiswahili

Tovuti nyingi zingali zinadai kwamba Kiswahili ni mchanganyiko wa Kiarabu na lugha za Kibantu, au kwamba kilizaliwa kutokana na biashara baina ya Waarabu na Waafrika. Dai hili tulifuate nyuma. Aghalabu linategemezwa kwa mambo mawili: jina la lugha, ambalo limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani, na wingi wa maneno ya mkopo. Yote mawili ni kweli, lakini hayathibitishi kinachodaiwa. Jina la lugha linaweza kutolewa na wageni, na msamiati hukopwa bila ya kubadili nasaba ya lugha. Mfumo wa ngeli, upatanisho wa kisarufi na viambishi vya kitenzi ndivyo vinavyofichua nasaba, navyo ni vya Kibantu. Malcolm Guthrie alikiweka Kiswahili katika kundi la G40 la lugha za Kibantu. Nurse na Spear (1985), kisha Nurse na Hinnebusch (1993), walionyesha kwa ushahidi wa isimu historia kuwa Kiswahili ni ndugu wa Kipokomo, Kimijikenda, Kielwana na Kikomoro katika kundi la Sabaki.

Mtafiti anayekutana na dai la mchanganyiko anapaswa kuuliza ukurasa umetegemea nini. Mara nyingi atakuta hakuna rejeleo lolote, au atakuta rejeleo la ukurasa mwingine ambao nao hauna rejeleo. Mnyororo umekatika. Hapa athari yake si ndogo: mwalimu atakayelirudia dai hilo darasani atakuwa anawafundisha watoto wa Kipokomo na wa Kigiriama kwamba lugha iliyo nduguye lugha yao ni mali ya wageni.

4.2 Tarehe za tendi kongwe

Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, uliotungwa na Bwana Mwengo wa Pate, huelezwa katika tovuti nyingi kuwa wa mwaka wa 1728. Chimbuko la tarehe hii ni mwaka wa 1141 wa Hijria. Mtafiti makini ataona mambo mawili. La kwanza ni la kalenda: mwaka mmoja wa Hijria hugawanyika katika miaka miwili ya Miladia. Mwaka wa 1141 ulianza mwezi wa Agosti 1728 na kumalizika mwezi wa Julai 1729. Tovuti inayotaja 1728 na inayotaja 1729 huenda zikawa zinasema jambo lile lile. La pili ni la msingi zaidi: tarehe iliyomo katika mswada yaweza kuwa ya kutungwa kwa utenzi, ya kunakiliwa kwake, au iliyoongezwa na mkono wa baadaye. Ukurasa unaotaja mwaka bila ya kusema ni mwaka wa nini haujamwambia msomaji mengi.

Linganisha na Utendi wa Mwana Kupona. Mwaka wa 1858 unaotajwa kila mahali una tegemeo ndani ya utungo wenyewe, kwa kuwa mtunzi ametaja mwaka wa 1275 wa Hijria karibu na mwisho. Mwaka huo nao ulianza Agosti 1858 na kuingia 1859. Toleo la Werner na Hichens la mwaka wa 1934 na lile lililomo katika Tendi ya J. W. T. Allen (1971) humwezesha mtafiti kulithibitisha hili mwenyewe.

Hali huwa ngumu zaidi kwa Fumo Liyongo. Wataalamu wamempa nyakati zinazotofautiana kwa karne kadhaa, na utenzi unaosomwa zaidi kumhusu uliandikwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka wa 1913. Tovuti inayotoa mwaka mmoja wa kuzaliwa kwa Liyongo bila ya kudokeza mjadala inajinasibisha na uhakika ambao taaluma haina. Uhakika wa kupita kiasi ni dalili ya kutoaminika.

4.3 Majina ya waandishi

Mfano wa tatu ni wa kawaida lakini unawaponza wengi. Zanzibar imetoa waandishi watatu mashuhuri wa riwaya ambao majina yao hukaribiana: Muhammed Said Abdulla, mtunzi wa Mzimu wa Watu wa Kale (1960) na mwasisi wa mhusika mpelelezi Bwana Msa, Mohammed Suleiman Mohammed, mtunzi wa Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976), na Said Ahmed Mohamed, mtunzi wa Utengano (1980). Marejeleo yanapofupishwa kuwa M. S. Abdulla, M. S. Mohammed na S. A. Mohamed, na tahajia ikabadilika kila ukurasa, si ajabu kuona Kiu ikipewa mwandishi wa Utengano. Mhakiki anayejenga hoja kuhusu maendeleo ya mtindo wa mwandishi juu ya orodha kama hiyo atakuwa amejenga nyumba kwenye mchanga. Dawa yake ni nyepesi: jalada na ukurasa wa hakimiliki wa kitabu chenyewe, au katalogi ya maktaba inayoaminika.

5.0 Utaratibu wa Utendaji

Mwaka wa 2017, Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya utafiti uliowalinganisha watu 45: wanahistoria 10, wakaguzi wa ukweli wa vyombo vya habari 10 na wanafunzi wa shahada ya kwanza 25. Wote walipewa tovuti za kutathmini. Wanahistoria wengi na wanafunzi walibaki ndani ya ukurasa, wakipima sura yake, nembo na orodha ya marejeleo, na mara nyingi walidanganyika. Wakaguzi walitoka mapema katika ukurasa, wakafungua kurasa nyingine na kuuliza wengine wanasema nini kuhusu waliouandika. Walifikia uamuzi sahihi zaidi kwa muda mfupi zaidi. Tunaweza kuuita mtindo huu usomaji wa pembeni.

Kwa kuuchanganya usomaji wa pembeni na isnadi, tunapata utaratibu ufuatao. Mtafiti aandike dai analotaka kulitumia kwa sentensi moja. Atoke katika ukurasa, atafute mwandishi na mchapishaji wanaelezwaje na wengine. Alifuate dai hadi chanzo cha kwanza kinachofikika: mswada, toleo lililohaririwa, ripoti au mahojiano. Alinganishe angalau vyanzo viwili ambavyo havikunakiliana. Hatimaye, aamue dai lina nguvu gani, na aliandike kwa lugha inayolingana na nguvu hiyo.

Sharti la kutonakiliana linahitaji msisitizo. Idadi ya wasemaji wa Kiswahili ni kielelezo kizuri. UNESCO, ambayo mwezi wa Novemba 2021 iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, hutaja wasemaji zaidi ya milioni 200. Kurasa nyingi hurudia idadi hiyo. Kurasa mia moja zilizoinakili kutoka UNESCO ni shahidi mmoja aliyepaza sauti mara mia. Mtafiti wa isimujamii bado atauliza: wanahesabiwa wazawa pekee au hata wale wa lugha ya pili na ya tatu? Kwa kigezo gani cha umilisi?

Kuhusu Wikipedia, msimamo wa kadiri unafaa. Isinukuliwe kama mamlaka katika tasnifu, lakini itumiwe kama kibao cha njia. Sehemu zake za historia na majadiliano humwonyesha msomaji nani alibadilisha nini na lini, uwazi ambao vitabu vingi havina. Kutoka hapo mtafiti afuate marejeleo.

Programu za akili unde zinazojibu maswali, zilizoenea tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma mwezi wa Novemba 2022, zinahitaji tahadhari kubwa zaidi. Programu hizi hutunga matini kwa kukadiria maneno yanayofuatana. Zinaweza kutaja makala yasiyowahi kuandikwa, zikayapa mwandishi halisi, jarida halisi na kurasa za kubuni. Jibu lake ni matini isiyo na isnadi kabisa. Rejeleo lolote linalotokana nazo lisiingie katika kazi ya kitaaluma kabla ya mtafiti kulisoma kwa macho yake katika chanzo chenyewe.

Mwisho, tovuti hubadilika na kutoweka. Mtafiti aandike jina la mwandishi, anwani ya mada, jina la tovuti, anwani kamili ya mtandao na tarehe aliyoisoma. Pia ahifadhi nakala. Makavazi ya Internet Archive, yaliyoanzishwa mwaka wa 1996, hutoa nafasi ya kuhifadhi ukurasa na kuusoma jinsi ulivyokuwa siku fulani. Msomaji wa tasnifu asiyeweza kukifikia chanzo hawezi kuikagua hoja.

6.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na mjadala huu, makala yanapendekeza mambo matatu. Wahadhiri waingize tathmini ya vyanzo vya mtandaoni katika somo la mbinu za utafiti, kwa mifano ya Kiswahili, na watahini wa tasnifu wafuatilie angalau marejeleo machache hadi mwisho wake. Wanafunzi wakome kunukuu ukurasa kwa niaba ya kitabu ambacho hawajakifungua. Kama walichosoma ni ukurasa, wakiri ni ukurasa. Vyama vya Kiswahili vyuoni, pamoja na kuandaa makongamano na mashindano ya ushairi, vianze kazi ya kurekebisha: kila tawi lichague mwandishi au utenzi mmoja, lipekue yaliyoandikwa mtandaoni kumhusu, na lisahihishe kwa marejeleo yanayoweza kukaguliwa.

Pendekezo hili la mwisho lina uzito wa pekee. Lugha yenye maandishi machache hujeruhiwa zaidi na kosa, lakini vilevile huponywa upesi na kazi njema. Mwanafunzi mmoja akiweka mtandaoni maelezo sahihi ya Utendi wa Mwana Kupona, yenye kutaja mswada na toleo alilolitumia, anaweza kuwa ndiye chanzo ambacho wanafunzi wa miaka kumi ijayo watakifikia kwanza. Kwa maana hiyo, mtafiti wa leo ni pete katika mnyororo wa kesho. Wajibu wake ni kuhakikisha kwamba atakayepokea kwake atajua yeye alipokea kwa nani.